Karabini za kale za askari wa farasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hali na historia yake

Maswali haya hurudi karibu kila mtu anapotoa bunduki fupi ya zamani sandukuni au anapotaka kununua. Mifano mingi hapa ni ya Springfield ya Marekani na Martini-Henry ya Uingereza, kwa kuwa ndizo nilizozishika zaidi. Lakini njia ya kukagua ni ileile hata kwa silaha za majeshi mengine.

## Kabla ya yote

Nimepata karabini ya zamani. Nianzie wapi?

Hakikisha haina risasi wala baruti. Usiseme "ina miaka mia na hamsini, itakuwa imekufa". Baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi kwa umri, na bunduki kadhaa zilizotundikwa ukutani kama pambo zimekutwa zimeshindiliwa bado.

Kwa bunduki inayoshindiliwa kwa mdomo, chukua kijiti chembamba cha mbao, kitumbukize polepole hadi kigote, utie alama ya penseli pale kinapotokea mdomoni mwa mtutu. Kisha kilaze nje ya mtutu, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha yake ifike hadi mwisho wa mtutu, karibu na pale fataki inapokaa. Ikiishia inchi moja au mbili kabla, ndani kuna kitu. Hapo simama, peleka kwa fundi wa silaha.

Zinazojazwa kwa nyuma ni rahisi zaidi: fungua na utazame kwa tochi. Ila Spencer, karabini ya Marekani, ina mtego wake. Risasi zake saba hukaa katika bomba lililo ndani ya kitako, kwa hiyo chemba inaweza kuwa tupu huku kitako kimejaa. Vuta bomba lote nje.

Karabini ni nini hasa?

Ni bunduki fupi iliyotengenezwa kwa mtu aliye juu ya farasi. Springfield ya 1873 kwa askari wa miguu ilikuwa na mtutu wa inchi 32 na 5/8. Karabini yake ni inchi 22. Hata risasi ilipunguzwa makali: askari wa miguu walipewa grani 70 za baruti, wapanda farasi 55, maana bunduki nyepesi ilirudisha teke kali mno.

Ufupi peke yake hautoshi. Tafuta dalili za farasi: pete na upau wa chuma ubavuni mwa kushoto, ambapo Mmarekani alinasa kulabu ya mkanda wake wa begani, kutokuwepo kwa mahali pa kufungia singe, kilengeo chenye kingo laini ili kisikwame kinapochomolewa kwenye mfuko wa tandiko, na kwa bunduki za bolti, mkono wa bolti uliokunjwa chini. Martini-Henry ya wapanda farasi, iliyokubaliwa jeshini 1877, ina dada yake aliyetengenezewa askari wa mizinga, na huyo ana mahali pa singe. Watu huzichanganya hizi mbili kila siku.

Niisafishe kwanza ndipo niipige picha?

Hapana. Narudia: hapana. Karibu kila uharibifu mbaya niliouona haukufanywa na vita wala mvua, ulifanywa na mtu mwenye nia njema, msasa na Jumamosi nzima ya kupoteza. Ile rangi ya kahawia nzito juu ya chuma ndiyo miaka yenyewe, na ukiiondoa huwezi kuirudisha.

Kuna kutu ya aina mbili. Nyekundu-chungwa inayoacha unga kidoleni bado inakula, na hiyo inahitaji kutulizwa kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, basi. Nyeusi au kahawia iliyoganda, isiyotoa unga, imeshatulia, iache. Usitumie brashi ya waya, wala usiipake mbao mafuta ya kitani ukidhani unailisha. Yatainata na kuitia giza.

Sheria zinasemaje?

Hutofautiana mno, na neno "ya kale" lina maana ya kisheria ambayo si lazima ilingane na unavyoiona. Sheria ya shirikisho ya Marekani huhesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla yake, ingawa majimbo yana nyongeza zao. Uingereza, kwa kanuni za 2021, huangalia kama ilitengenezwa kabla ya 1 Septemba 1939, kama mfumo wake au risasi yake imo katika orodha ya vilivyopitwa na wakati, na kama mwenye nayo anaiweka kwa kumbukumbu au pambo tu. Kwingineko, uliza mamlaka ya silaha ya nchi yako kabla ya kununua au kuivusha mpaka.

## Kusoma hali yake

Mtutu unakaguliwaje?

Weka karatasi nyeupe au tochi ndogo upande wa nyuma, utazame kutokea mdomoni. Unataka kuona mifereji ya ndani inayozunguka ikiwa na kingo kali. Masalia ya baruti nyeusi hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo mtutu ambao haukuoshwa jioni ileile baada ya kupiga hupata vishimo. Vichache karibu na chemba ni vya kawaida. Vikiwa vimeenea kote kama ngozi ya ndui, hali imeshuka sana.

Angalia pia mdomo wenyewe. Ukiwa umelika upande mmoja na kuwa yai badala ya duara, hiyo ni kazi ya mdeki wa chuma (fimbo ya kusafishia mtutu) uliosuguliwa na askari kwa miaka. Ni hasara kwa mpigaji shabaha, lakini kwa msomaji wa historia ni ushahidi mzuri: bunduki hii ilihudumiwa na mtu aliyeamrishwa kuihudumia.

Nitajuaje kama rangi ya chuma ni ya asili?

Rangi ya bluu nyeusi ya kiwandani huisha kwa mpangilio. Huanza mdomoni, kwenye kingo, na pale mkono unaposhika. Hubaki mahali palipojificha, kama pembeni mwa kilengeo, chini ya pete inayoshika mtutu, na ndani ya mbao. Ukikuta bluu imetandaa sawasawa kila mahali, hata chini ya vishimo vya kutu, imepakwa baadaye. Kutu haikutangulia rangi ya kiwanda.

Ishara nyingine ni kingo zilizolainika na mihuri iliyofifia upande mmoja, maana aliyepaka alisugua kwanza. Matundu ya skrubu yaliyosuguliwa huwa na ukingo uliozama kama kisosi kidogo. Tazama pia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechanika, mtu amevifungua kwa bisibisi isiyolingana. Ukikuta skrubu moja safi kabisa kati ya wenzake waliochakaa, hiyo imekuja juzi.

Na mbao?

Pitisha kidole pale mbao inapokutana na chuma. Kiwandani mbao iliachwa juu kidogo kuliko chuma, au sawa nacho. Chuma kikiwa kimejitokeza juu ya mbao pande zote, imepigwa msasa, na pamoja nayo umepotea muhuri wa mkaguzi. Kwenye Springfield za mwanzo tafuta herufi ESA zilizozama ubavuni mwa kushoto. Ni za Erskine S. Allin, fundi mkuu wa karakana ya Springfield, ambaye ndiye aliyebuni kizibo kile cha nyuma ya mtutu kinachofunguka kwenda juu kama kifuniko cha sanduku.

Kisha tafuta alama za matumizi. Pete ikining'inia na kugonga kwa miaka huacha upinde mdogo uliochimbika katika mbao chini yake. Mtu aliyezoea kuilaza bunduki mbele ya tandiko huacha bonde laini chini ya mbao, mbele kidogo ya kinga ya kifyatulio. Niliwahi kuishika moja ambayo bonde hilo lilikuwa limekula hadi nusu ya unene, laini kama kijiko cha zamani, na hakuna msasa unaoweza kuiga hilo, kwa sababu msasa hula nyuzi laini na ngumu kwa pamoja, ilhali ngozi ya tandiko hula laini kwanza na kuacha ngumu zikiwa mistari unayoihisi kwa ukucha.

Muuzaji anasema ina "asilimia 60". Ya nini?

Ya rangi asili iliyobaki kwenye chuma. Haisemi lolote kuhusu mtutu, mbao wala kama sehemu zake zilizaliwa pamoja. Uliza hayo kando.

Sehemu zake hazilingani. Imeharibika thamani?

Inategemea zilichanganywa na nani. Sehemu za Springfield zilitengenezwa ziweze kubadilishana, na karakana za jeshi zilizibadilisha bila kuona haya. Namba ya mfululizo ilipigwa kwenye mwili wa chuma tu, si kila kipande. Ukikuta mwili wa miaka ya 1870 wenye kilengeo cha mtindo wa baadaye kilichopigwa herufi C ya karabini, huenda ni jeshi lenyewe lililoisasisha, na huo ni ukurasa wa historia yake, si kasoro.

Vivyo hivyo Sharps. Maelfu ya karabini za Sharps za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, zilizotumia risasi za karatasi na fataki, ziligeuzwa baada ya vita zitumie risasi za ganda la shaba. Aliyekuuzia kama "ya vita, haijaguswa" huku ina chemba ya ganda la shaba amekosea au anakupima.

Bunduki za Kijerumani ni kinyume chake. Hizo zilipigwa namba vipande vingi, hata skrubu, na zisipolingana ujue kuna mkono ulipita.

## Mihuri na namba

Bamba la ubavuni limeandikwa 1873. Ndio mwaka wake?

Si lazima. Hiyo 1873 ni jina la modeli, na waliendelea kuipiga kwa miaka kadhaa. Mwaka wa kutengenezwa hutafutwa kwa namba ya mfululizo iliyo nyuma ya kizibo. Kwa Waingereza mambo ni tofauti: ubavuni mwa kulia wa Martini-Henry utakuta taji, herufi VR, jina la kiwanda kama Enfield, kisha mwaka, na huo ni mwaka kweli.

Mshale mdogo na herufi WD vina maana gani?

Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na WD ni Idara ya Vita. Ukikuta mishale miwili imekutana ncha kwa ncha, silaha iliuzwa nje ya jeshi kihalali. Muhuri huo ukikosekana si ushahidi wa wizi. Nyingi zilitoka kwa njia nyingine. Kwa mfano, mwaka 2003 wafanyabiashara wa Marekani walinunua ghala zima la silaha za kale katika jumba la zamani huko Kathmandu, Nepal, na tangu hapo Martini nyingi za sokoni zimetokea huko zikiwa na grisi ngumu kama lami.

Kuna namba na herufi kama 7.U.2.31. Ni nini?

Ni anwani ya kikosi, mtindo wa Kijerumani. Soma: rejimenti ya 7 ya Ulanen, yaani wapanda farasi wa mikuki, skwadroni ya 2, silaha namba 31. H husimama kwa Husaren, D kwa Dragoner, K kwa Kürassier. Ukikuta mstari kama huu umekatwa kwa mkwaruzo na mwingine kupigwa chini yake, silaha ilihama kikosi. Mstari wa aina hii ni hazina, kwa sababu unatoa jibu ambalo namba ya mfululizo pekee haitoi.

Namba ya mfululizo itaniambia ilibebwa na nani?

Mara nyingi hapana. Springfield Armory ilikuwa karakana ya serikali, ikafungwa 1968, na haikuwa na desturi ya viwanda binafsi ya kukutolea barua ya kila bunduki. Zilizobaki ni karatasi za jeshi katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani: orodha za silaha za kampuni fulani ya askari, ripoti za zilizopotea, kesi za waliotoroka na bunduki zao. Watafiti wamezikusanya namba nyingi kutoka humo, lakini ni sehemu ndogo ya zilizotengenezwa. Namba yako ikiwa karibu na namba iliyotajwa, "karibu" si "ndiyo". Bunduki kumi zilizofuatana zingeweza kwenda vituo kumi.

Martini yangu ina herufi N iliyogeuka. Kosa la kiwanda?

La. Hiyo yaelekea ilitengenezwa kwa mkono na mafundi wa eneo la Khyber, mpakani mwa Afghanistan, waliokuwa wakinakili bunduki za Waingereza pamoja na mihuri yao bila kusoma lugha yake. Dalili nyingine ni jina la kiwanda lililokosewa herufi, mistari iliyopinda, na taji lililochorwa kama ua. Bora kuliko zote ni VR yenye mwaka wa baada ya 1901, wakati malkia Victoria alikwishafariki Januari ya mwaka huo. Zina wapenzi wake, na mimi ni mmojawao, lakini zisinunuliwe kwa bei ya Enfield.

## Ughushi na visa vigumu

Nitaitambuaje bunduki ndefu iliyokatwa ikawa karabini?

Baada ya jeshi la Marekani kuziuza silaha zake za zamani, wafanyabiashara wa mabaki ya vita, Francis Bannerman wa New York akiwa maarufu kuliko wote, walizifupisha bunduki ndefu kwa maelfu. Baadaye wakaja waliokata kwa nia ya kudanganya.

Geuza bunduki chini juu na uangalie ncha ya mbao. Bunduki ndefu ilikuwa na mfereji wa mdeki chini ya mtutu; ikikatwa, mfereji hubaki na lazima uzibwe. Kipande cha kuziba huwa na nyuzi zisizoendelea na za jirani yake, hata kikipakwa rangi vizuri. Washa tochi kwa ubavu, si kwa juu; mwanga wa ubavu hauna huruma. Kisha pima mtutu kutoka uso wa kizibo hadi mdomoni, na utazame kilengeo cha mbele kama kina mabaki ya madini ya risasi ya kulehemu mguuni pake. Mwisho, upau wa pete: je, mbao iliyouzunguka imechakaa kwa kiasi kilekile na sehemu nyingine, au shimo ni jipya na kingo zake ni kavu?

Hii ilikuwa Little Bighorn, muuzaji kaapa.

Little Bighorn ni pambano maarufu la Montana, ambako jeshi la Marekani lilishindwa na Walakota na Wacheyenne. Tarehe 25 Juni 1876 wapanda farasi wa rejimenti ya 7 chini ya kamanda wao George Custer walibeba Springfield za 1873. Wakusanyaji huchukulia namba zisizozidi takriban 43,700 kuwa ndizo zilizokuwepo kabla ya pambano lile. Kuwa chini ya namba hiyo kunaonyesha tu kwamba *ingeweza* kuwepo, pamoja na maelfu ya nyingine zilizokuwa kwenye vituo vya mbali.

Linganisha na umbo. Karabini za wakati ule zilikuwa na kitako kizima. Tundu la kuwekea mdeki wa vipande nyuma ya kitako lilikuja baadaye. Kwa hiyo namba ya chini yenye kitako chenye tundu ama ilipewa mbao mpya ama imechezewa (tazama swali la sehemu zisizolingana).

Ushahidi wa kweli upo, na unavutia. Moto ulipounguza nyasi za uwanja ule 1983, waakiolojia waliingia mwaka uliofuata na kuokota maganda. Kila pini ya kufyatulia huacha alama yake kwenye ganda, na kwa kulinganisha alama hizo, karabini chache zilizosalia ziliweza kuunganishwa na maganda yaliyotoka ardhini. Kiapo cha muuzaji hakifiki hapo.

Kitako kimepigiliwa misumari ya shaba. Ilikuwa ya Wahindi Wekundu?

Mapambo hayo yalikuwepo kweli, na ndiyo maana yanaghushiwa sana. Sogeza sumaku: msumari wa kisasa mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na utavutwa. Tazama pia pembezoni mwa kila kichwa. Uchafu na mafuta ya mikono ya miaka mingi hujikusanya hapo, na mbao chini ya kichwa huwa na rangi tofauti na iliyo wazi. Misumari ya juzi hukaa juu ya uchakavu kama kofia mpya.

Je, yaweza kuwa kopi ya kisasa?

Ndiyo. Viwanda vya Italia kama Uberti na Pedersoli vimetengeneza karabini za aina hizi, na Harrington & Richardson ya Marekani ilitoa Springfield za kumbukumbu miaka ya 1970. Si ughushi zilipotoka kiwandani. Huwa ughushi anapokuja mtu na tindikali. Za Italia hubeba mihuri ya majaribio ya Gardone Val Trompia pamoja na msimbo wa mwaka ndani ya kisanduku kidogo, mara nyingi chini ya mtutu, mahali panapofichwa na mbao. Ukikuta hapo pamesuguliwa kuliko kwingine, usiendelee kuuliza bei.

Babu alisema ilikuwa ya baba yake. Hadithi ina uzito?

Ina, ikiandikwa. Mwombe mkubwa wa familia aseme alichokiona kwa macho na alichosikia, vitenganishwe, tarehe na sahihi. Picha ya zamani ambayo bunduki inaonekana ina uzito kuliko kiapo. Kisha linganisha hadithi na chuma. Kama mzee alipigana mwaka 1864 na bunduki ni Springfield ya 1873, si lazima mzee aliongopa. Labda ni wajukuu waliounganisha mambo mawili, na bunduki ilinunuliwa baadaye kwa kuwinda.

Naweza kuipiga?

Mimi sipigi zangu. Ukitaka kujaribu, fundi aipime kwanza, na itumie baruti nyeusi tu. Baruti ya kisasa isiyo na moshi inaweza kuupasua mtutu usiotengenezewa shinikizo lake.

Nimtumie mtaalamu picha zipi?

Bunduki nzima pande zote mbili, kwenye kitambaa cha kijivu, kwa mwanga wa dirishani na bila flashi. Kisha karibu: kila muhuri, namba, mdomo wa mtutu, kilengeo cha mbele na cha nyuma, ncha ya mbao kutoka chini, upau na pete, bamba la kitako, vichwa vya skrubu. Piga mihuri mara mbili, mwanga ukitoka kushoto kisha kulia; muhuri uliokuwa hausomeki mara nyingi hufunguka kwa kivuli cha upande wa pili. Weka rula kando ya mtutu. Na usiipanguse kabla ya kupiga, hata kwa kitambaa cha shati.